Jina Lililokaa kwenye H

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Chuo chetu, Sheikh wetu, Padri uliyetoka Peramiho asubuhi hii, wazazi na ndugu wageni waalikwa: wazee wangu, shikamooni! Vijana, mpo?

Tumekuja kumuaga Zuhra, binti wa Nakapanya, mwanafunzi wangu wa fizikia, anayeitwa Uswisi kwenye mtambo mkubwa uliochimbiwa chini ya ardhi, ambamo chembe ndogo kupita kiasi hugonganishwa ili tujue dunia imeumbwa kwa kitu gani. Ndugu zangu, kazi ile haina mwenyewe! Mjapani anafunga nyaya, Mbrazili anapiga hesabu, Mhindi na Mpakistani wanashika zamu pamoja, na hapahapa Songea Zuhra amechambua migongano hiyo miaka miwili, kwa kompyuta iliyozimika kila umeme ulipokatika. Nani kasema ujima ni wa shamba la mahindi tu?

Sasa nikiri kosa langu. Mwezi uliopita ripoti yao ilitoka, ina majina ya wanasayansi elfu tatu, yamepangwa kialfabeti. Mimi Thadei, mkuu wa idara mzima, nikakimbilia mwisho, kwenye Z. Nikapekua mara tatu. Zuhra hayupo! Damu ikanichemka, nikaandika barua kali: "Mmetumia jasho la mtoto wetu, jina lake mmelitupa!" Wakajibu kwa upole tu: "Mwalimu, tazama kwenye H."

Lo! Sisi tunamwita mtu kwa jina lake, kumbe wenzetu wanampanga kwa jina la baba. Na kweli, katikati ya Wajerumani na Wajapani, pameandikwa Z. Hassani.

Mzee Hassani, mkulima wa korosho, umekaa hapo mbele na kofia yako mapajani. Jumapili uliniambia: "Mwalimu, ruhusa sijatoa. Akienda huko, si atasahau yeye ni wa nani?" Leo jibu ninalo. Shika karatasi hii, Mzee wangu. Soma mwenyewe, kwa sauti.

Mmemsikia? Amesoma jina lake! Anasema nini tena? "Aende. Ila waambieni wasilifute."

Vigelegele, jamani! Hawalifuti, Mzee. Zuhra, mwanangu, umemsikia baba yako: nenda nalo, na urudi nalo.

Nawashukuru sana, asanteni kwa kunisikiliza. Na ile barua yangu, tafadhalini, tuiache hapahapa ukumbini.