Beleshi la Shemeji

Katika basi la kwenda Revelstoke, mji wa milima yenye theluji huko Kanada, Lorna alijifanya anafuma soksi, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Huko Wade, kijana wa tambarare za Saskatchewan, alikuwa akimwonyesha mama mmoja wa milimani, Greta, vifaa vya safari yake ya kwanza ya pikipiki za theluji.

"Beleshi nitalibeba mgongoni, mama, kama mnavyofanya wenyeji. Shemeji ninayekwenda naye hana. Bahili yule! Theluji ikiporomoka ikamfukia, shauri yake."

"Yeye atafukuliwa," Greta akasema. "Wewe si unalo beleshi?"

"Ninalo!"

"Na ukifukiwa wewe?"

"Si nimekwambia ninalo?"

"Utakuwa nalo huko huko chini, mwanangu."

Lorna akakosea mshono. Wade akabisha kwamba yeye ni mwangalifu sana. Greta akamjibu kwamba waangalifu wote husema hivyo.

Basi likasimama. Mlango haujafunguka, Wade yuko kwenye simu, sauti imelainika kama anaposa: "Shemeji yangu kipenzi! Nakuletea zawadi. Ila niahidi utaibeba mgongoni."