Matofali ya Makumbi Yaliyokataa Kuganda

Assalaam alaykum, ndugu zangu katika imani. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenisimamisha mbele yenu nikiwa na akili zangu, maana zilikaribia kuniruka.

Mnanijua. Mimi ndiye mtoto wa Kiuyu niliyejisomesha mwenyewe mpaka stashahada ya ujenzi, nikafanya kazi Maskati, nikarudi kwa nauli yangu. Nilimwambia mama kuwa nyumba yake ni tanuri, nitamjengea yenye ubaridi kwa vitu vinavyotupwa: maboksi meupe ya povu ya kuwekea samaki niyasage, makumbi ya nazi niyachambue, nichanganye na saruji. Tofali jepesi, joto halipiti. Nikaibomoa nyumba ya zamani wiki hiyo hiyo. Mama akahamia kwa mdogo wake, Bi Mize, msokota kamba za makumbi.

Ndugu zangu, matofali hayakuganda. Siku ya tatu ukibonyeza, kidole kinazama. Nikaongeza saruji, nikapunguza maji, nikabadilisha mchanga. Nikafungua madaftari yangu yote. Vipimo sahihi, tofali uji. Majirani wakipita wananiuliza, "Injinia, uji haujaiva tu?" Mvua za masika zinakaribia, na mama hana nyumba. Niliomba dua bila kujua niombe nini hasa, kwani kosa sikuliona.

Ndipo Bi Mize akaja kuniletea chakula. Akaokota kumbi kwenye rundo langu, akalinusa.

"Hili bichi. Hukulifukia pwani?"

"Mama mdogo, hii ni saruji, si kamba."

"Kumbi bichi lina maji mekundu, mwanangu. Hata kamba halifai. Weye watia saruji?"

Akanipa makumbi yake mwenyewe, aliyoyafukia kwenye matope ya pwani miezi mingi kwa ajili ya kamba zake. Kuyasuuza kwa maji ya kisima yatoke chumvi, hilo nililijua mimi. Nikachanganya vipimo vile vile. Kesho yake nikabonyeza tofali, kidole kikauma.

Mama aliingia kwake kabla ya mvua. Alhamdulillahi. Madaftari nimeyarudia yote, na habari ya maji mekundu sijaiona mpaka leo. Sielewi yanaizuiaje saruji kuganda.

Basi wewe uliyekwama, mwamini Mola wako hata kama huelewi. Na mwenye shaka aje kwa mama saa saba mchana, jua likiwa utosini, auguse ukuta.