Mama Mizunguko na Shauri la Jumanne

Ndugu waombolezaji, viongozi wa chuo, majirani na jamaa wote, mimi ni mdogo wake marehemu, tulioachiana ziwa, seremala kwa kazi, na nimesimama hapa kwa sababu kaka yetu mkubwa, aliyepaswa kuwasomea, sauti imemkauka kwa kulia, akanikabidhi karatasi hii kwa sharti kwamba nisome kilichoandikwa na nisiongeze chumvi. Nitajitahidi, ingawa wanaonijua wanajua sharti hilo ni zito kwangu. Dada yetu, ambaye chuo kizima kilimwita Mama Mizunguko, amelala hapa mbele yenu akiwa ameacha kazi moja haijaisha, na kazi hiyo ni ya Jumanne ijayo, kwa hiyo mkiniona situlii mnisamehe, nitaifikia kwa mpangilio wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa marehemu baba yetu, fundi wa pampu za maji, na marehemu mama yetu, aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alianza kutembea kabla ya wakati, akatembea moja kwa moja mpaka barabarani, akarudishwa na jirani, akaenda tena, mpaka ikabidi afungwe kitambaa kiunoni na ncha ya pili ifungwe kwenye mguu wa meza ya biashara. Tangu hapo hakuwahi kuwa mtu wa kukaa kitako. Ukimkaribisha kiti alishukuru, akakishika mgongo, akaendelea kuongea akiwa wima.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1970 hadi mwaka 1976, akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1977 na kuhitimu mwaka 1980, kisha akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu, alikosomea Hesabu na Jiografia hadi Novemba 1983. Huko alilala kitanda cha juu, na cha chini yake alilala rafiki yake, msichana aliyekuwa akiongoza darasa, ambaye asubuhi moja wenzake wakiwa darasani alifungasha begi lake akaondoka bila kuaga, ikasemwa kwamba masomo yamemshinda, na dada akaamini kama walivyoamini wengine, mpaka walipokuja kukutana miaka mingi baadaye kwenye foleni ya benki, rafiki yake akamweleza ni mkufunzi gani aliyekuwa akimwita ofisini na kufunga mlango kwa ndani. Siku hiyo dada alirudi nyumbani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Aliajiriwa Januari 1984 kuwa mwalimu wa sekondari, akahamia chuo hiki Septemba 1996 kufundisha hesabu za biashara, na tarehe 1 Julai 2004 akateuliwa kuwa mlezi wa wanafunzi, kazi ambayo waliomtangulia waliitumia kugawa vyumba vya bweni na kuamua ugomvi wa ndoo. Jambo lake la kwanza lilikuwa amri, aliyoipigania kwa mkuu wa chuo wa wakati ule mpaka mzee wa watu akasalimu amri, kwamba hakuna mkufunzi wala mkuu wa kitengo atakayeongea na mwanafunzi au mfanyakazi wa chini yake mlango ukiwa umefungwa, na ili asiambiwe anawaonea wenzake, akaniita mimi nije na bisibisi niung'oe mlango wa ofisi yake mwenyewe. Nilimwambia, dada, hii ni mbao ngumu safi, haijamkosea mtu. Nikaung'oa, nikaubeba kichwani, na muhula mzima ofisi ya mlezi ikakaa wazi kwenye korido ile iendayo chumba cha mitihani.

Na muhula huo mzima hakuja mtu hata mmoja kulalamika. Alifurahi, jamani, alifurahi mno, akasimama kwenye kikao cha wafanyakazi Desemba ile akatangaza kwamba usumbufu chuoni umekwisha, watu wakapiga makofi, na baadaye sana alikuja kuniambia kwamba waliopiga kwa nguvu zaidi ndio hao aliokuja kusikia habari zao. Maana wiki hiyohiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti anayetembelea magongo, alimsubiri nje ya maktaba akamuuliza kwa upole kabisa: "Mama, nikikaa kwenye kiti chako kile nikilia, huyo anayenisumbua atanipita mara ngapi kabla sijamaliza kueleza?" Dada alikuwa ameondoa mlango ili mkubwa asijifiche, kumbe mdogo naye amekosa pa kusemea, na korido ile hupitwa na kila mkufunzi tangu asubuhi hadi jioni.

Akanipigia simu nirudishe mlango. Nikaja nao, niko nao begani nimetoka jasho, akabadili mawazo, akasema mlango ukifungwa watu wataanza kuulizana nani yuko ndani na ana nini, niurudishe karakana, na mimi nikamwambia maneno ambayo kaka ameyakata kwenye karatasi hii. Yeye wakati huo alikuwa ameshatoka nje, amekwenda kwa yule binti wa magongo, wakaanza kuzunguka uwanja wa mpira, mzunguko mmoja, polepole, pembeni kabisa ambako mtu akikaribia unamwona kwa mbali, na walipomaliza binti alikuwa amesema yote.

Hapo ndipo jina lilipoanzia. Lakini dada alijua pia kwamba akizunguka na wenye shida peke yao, uwanja nao utakuwa ule ule mlango, kila atakayeonekana huko ataandamwa, kwa hiyo akaamua kuzunguka na watu wote, wenye shida na wasio na shida, mpishi, mlinzi, kapteni wa timu, anayeongoza darasa na anayeburuta mkia, wakufunzi wazima, hata mkuu wa chuo alizungushwa akilalamikia magoti, wakiongea habari za mvua na bei ya saruji, ili yeyote atakayetazama kutoka dirishani asijue ni nani anayesimulia mpira na ni nani anayesimulia maisha yake. Wapo waliomcheka, wakasema mlezi anafanya mazoezi ya kupunguza tumbo. Wapo waliomchukia, wakamwandikia matusi kwenye ukuta wa choo, wakamwita mchonganishi, na aliyafuta yeye mwenyewe kwa brashi na sabuni akiimba. Kwa mizunguko hiyo mkufunzi mmoja aliachishwa kazi mwaka 2009, msimamizi mmoja wa bweni mwaka 2012, na mwaka 2013 chuo kikaunda kamati ya kusikiliza malalamiko yenye wajumbe kutoka nje, jambo ambalo kila mtu hapa leo anadai alilipendekeza yeye.

Kwa upande wa familia, marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na shemeji yetu huyu hapa, dereva wa lori, ambaye husema siri ya ndoa yao kudumu ni kwamba yeye nusu ya mwezi alikuwa safarini na mwenzake nusu nyingine alikuwa uwanjani, na huo ni utani wake mwenyewe, msinitazame mimi. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza muuguzi, wa pili fundi umeme, na kitinda mimba wao, binti, yuko mwaka wa kwanza wa chuo, na wajukuu wawili. Alikuwa mama mkali wa maneno na mwepesi wa kusamehe, na mapishi yake, Mungu anisamehe, yaliungua karibu kila siku, kwa sababu hakuweza kusimama jikoni dakika tano bila kwenda kuchungulia jambo jingine.

Moyo wake ulianza kusumbua mwezi Agosti 2021, presha ikapanda, miguu ikawa inavimba, daktari akamkataza kutembea, naye akamtii daktari kwa kutembea polepole.

Kuanzia hapa kaka amepiga mstari, akisema msibani hapasemwi mashauri, funika kombe mwanaharamu apite. Kaka, nakuheshimu, wewe ndiye baba yetu sasa, lakini mwanaharamu huyu ameshapita mara nyingi mno, na historia ya dada bila sehemu hii itakuwa ya mtu mwingine.

Mwezi Januari mwaka huu watu watatu, wawili wanaosoma na mmoja aliyeajiriwa, walizunguka uwanja na dada, kila mmoja kwa siku yake, bila kujuana, wakamweleza habari moja kuhusu mkubwa mmoja ambaye anashika alama za wale wawili na mkataba wa yule wa tatu. Sitamtaja, shauri halijaamuliwa na ana haki ya kusikilizwa kama mtu yeyote, na wao sitawataja kamwe. Dada aliomba ruhusa ya kila mmoja kabla ya kumjulisha kwamba hayuko peke yake, wakakubali kusimama mbele ya kamati, ikapangwa Jumanne tarehe 17 Juni, saa tatu asubuhi, na akawaahidi kwamba atatembea nao kutoka getini mpaka ukumbini, kwa sababu njia hiyo inapita chini ya madirisha ya ofisi zote, na walikuwa wamemwambia kwamba wakishindwa watashindwa hapo njiani, si mbele ya kamati.

Tarehe 2 Juni alianguka uwanjani, akakimbizwa hospitali ya rufaa, akalazwa wodi ya moyo. Jumapili tarehe 8 nilikaa naye mchana kutwa, hakuzungumzia nyumba wala shamba wala mazishi, aliniuliza jambo moja: "Jumanne ile, nani atatembea nao?" Nikamwambia apumzike kwanza. Akageukia ukutani akasema, "Nakuuliza swali unanijibu pumzika." Alifariki dunia Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, na mimi sikuwa nimemjibu, na inaniuma.

Alhamisi, maturubai hapa nyumbani hayajamaliza kufungwa, wale watatu wakaanza kufuatwa mmoja mmoja kwa maneno matamu, kwamba mama yenu amekwenda, shauri halina mwenyewe tena, watu wazima huyamaliza mezani, na mmoja wao akafika hapa akiwa ameshafungasha, amekuja kuniaga. Nilimwomba asubiri mpaka leo. Niliwaomba wote watatu ruhusa ya kuyasema haya, wakanipa, na kwa wale waliowafuata, mko hapa, chai yetu mmekunywa, nadhani mmenielewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomhudumia mgonjwa aliyeteremka kitandani mara nyingi kuliko walivyompandisha, inawashukuru majirani waliotuletea viti, kuni na maji bila kuombwa, na dereva wa gari la wagonjwa aliyekataa hata soda. Inawashukuru wafanyakazi wenzake kwa kufika wengi namna hii, na nawaambia bila kuficha kwamba Jumanne ndiyo tutajua mlikuja kumzika nani.

Kwa maana Jumanne saa mbili na nusu asubuhi mimi nitakuwa getini pale chuoni. Shemeji atakuwepo, watoto watakuwepo, yule binti wa magongo, ambaye sasa ni wakili na amesafiri usiku kucha kuja kuzika, amesema anabaki mpaka siku hiyo. Hatutabeba bango wala kupiga kelele, hatutaingia ukumbini, shauri ni la kamati. Tutatembea tu, getini mpaka mlangoni, na ninawaomba akina mama, mabinti, wapishi, wasafishaji, wakufunzi, wanafunzi, kila aliyewahi kuzungushwa uwanjani na dada, mje tujichanganye, tuwe wengi njia nzima, ili wa kwenye madirisha watazame mpaka wachoke na wasijue ni wepi watatu kati yetu. Tukiwa tisa tu, hao watatu wataonekana. Kwa hiyo nawaomba, na mimi si mtu wa kuomba, msituache tukawa tisa.

Kaka, naona umeshasimama kunizuia, nimemaliza, kaa.

Dada yangu, umetembea vya kutosha, pumzika. Hilo neno la "kwa amani" siwezi kulisema leo nikiwa na macho makavu, sijalipata bado. Jumanne jioni nitakuja kaburini kwako kulimalizia.