Bi. Dorcus Nyatichi na Dawa ya Kusukutua

Tarehe 31 Julai 1998, Bi. Dorcus Nyatichi anastaafu baada ya kuhudumu miaka ishirini na sita katika zahanati ya shamba letu la chai. Aliingia kama mfagiaji, akasomea kazi ya usaidizi wa wauguzi, na mwaka 1984 akakabidhiwa chumba cha meno.

Aliwafundisha wachumaji jambo moja bila kuchoka: dawa ya kusukutua hupunguza vijidudu mdomoni na kuchelewesha utando kwenye meno, lakini utando ulioshika hautoki bila mswaki. Basi piga mswaki kwanza, kisha sukutua nusu dakika, uteme. Alisimama na saa yake mkononi huku watu wazima wamefura mashavu. Nyapara Gordon alicheka katikati akaimeza yote, na mpaka leo anataniwa kwamba hakuna tumbo safi kama lake shambani.

Mwaka 1991 tuliletewa dawa mpya, kali zaidi. Fizi zilizokuwa zikitoka damu zilitulia ndani ya wiki mbili. Halafu meno ya watu yakaanza kugeuka kahawia, wakaja kulalamika. Bi. Dorcus aliniambia ni chai: watu wakishatema tu wanakimbilia chai ya saa nne, na dawa hiyo ikikutana na chai huacha madoa. Mimi, mkuu wake, nilimjibu, "Dorcus, chai ndiyo inatulisha hapa, na wewe unaisingizia?"

Akasema polepole, "Daktari, waambie wangoje saa moja kabla ya kunywa. Jaribu wiki mbili tu, utaona."

Sikujaribu. Nilimwandikia meneja kwamba Dorcus alikosea kuchanganya dawa. Dawa ikasimamishwa, naye akahamishiwa dirisha la kadi. Fizi zikaanza tena kutoka damu, na baada ya miaka michache nilimng'oa Mama Sally, mchumaji wetu, meno matano.

Mwaka jana daktari wa meno aliyetutembelea alieleza yale yale ya Bi. Dorcus, akaongeza kwamba madoa yale husafishwa yakaisha. Niliona aibu, nikanyamaza. Bi. Dorcus hajawahi kunikumbusha. Kila asubuhi alinisalimu vizuri na kuniletea kadi za wagonjwa.

Leo nasema mbele ya wafanyakazi wote: hakukosea. Aliyekosea ni mimi.

Bi. Dorcus, asante kwa kazi yako. Sote tunakuombea afya na siku nyingi za raha nyumbani Nyamira. Ningekusikiliza, chumba cha meno kingekuwa chako hadi leo, na Mama Sally angekuwa na meno yake. Nisamehe.

Robert Kipkoech, afisa wa kliniki