Ganzi ya Mzee Tak

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, hapa mjini Daegu, Korea Kusini, ubavuni mwa mashine ya kahawa. Asubuhi hiyo Mzee Tak alikuja mikono mitupu. Saksofoni yake alikuwa ameipeleka kanisani, wampe atakayeweza kuipiga. Miezi mitatu nyuma, daktari wa meno alimfungia skrubu ya jino bandia kwenye taya la chini, na tangu hapo mdomo wa chini ulikufa ganzi.

— Mshtaki huyo daktari! — alifoka Hakimu. Huyu alikuwa bawabu wa mahakama miaka thelathini, sasa anajiona jaji mstaafu.

— Kwa kosa gani? Nilitia sahihi. Karatasi ilisema ganzi inaweza kutokea.

— Sahihi haimpi mtu ruhusa ya kuzembea. Alikupiga picha ya taya?

— Alipiga.

— Mshipa wa fahamu ulionekana?

— Nitajuaje, bwana? Mimi nilikuwa nimeachama tu!

Redio, muuza soksi asiyejua kunyamaza, akadakia:

— Skrubu zenyewe ni masalio ya reli, nawaambia! Jirani yangu gego lake linashika matangazo. Kila asubuhi anasikia habari za Pyongyang!

— Redio, acha fiksi!

— Haki ya nani! Akitafuna kimchi, stesheni inahama!

Tak alicheka sana. Mate yakamtiririka kidevuni, naye hana habari. Nikampa leso. Kicheko chetu kikakatika.

— Daktari si mtu mbaya, — alisema akijifuta. — Nilipotetemeka alinishika mkono. Bahati mbaya tu, jamani.

— Bahati mbaya haina kesi, — Hakimu alisema, sasa kwa upole. — Kesi ni kama hatari aliiona, akaipuuza.

Dada mmoja alikuwa amesimama hapo akisubiri kiatu chake. Ni muuguzi wa kliniki nyingine ya meno, ng'ambo ya barabara.

— Samahani, baba. Ganzi ilipoendelea hadi kesho yake, ulirudi?

— Nilirudi wiki ya sita.

— Hawakukwambia uwahi?

— Daktari alisema nipige simu siku ya pili, ikiwa bado.

Dada akashusha pumzi.

— Skrubu ikitolewa mapema, mshipa huwa na nafasi ya kupona. Sasa nani alikuambia usubiri?

Hakimu akainamia viatu vyake. Redio akaanza kuhesabu soksi zake. Mimi nikajifanya natunga uzi kwenye sindano. Siku hiyo ya pili Tak alikaa hapa hapa benchini, simu mkononi, nasi tukamcheka: mwanamume mzima unamsumbua daktari kwa ganzi ya mdomo? Itaisha yenyewe! Na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa yangu.

— Nilijiamulia mwenyewe, — Tak alijibu.

Nasi, wote watatu, tukamwacha aseme hivyo.