Papa Barthélemy Anaondoka na Sauti Yake

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Papa Barthélemy Mwamba anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kutangaza kwa Kiswahili na Kibemba katika redio yetu hapa Nchelenge.

Alivuka ziwa akikimbia vita Kongo, akaanza kuuza samaki sokoni. Meneja wa wakati ule alimsikia akiita wateja, akamwacha samaki na kumchukua muuzaji. Siku moja kuku aliingia studio katikati ya matangazo ya vifo. Papa alimshika kwapani, akasoma hadi mwisho bila sauti kutetereka. Sisi nje tulikuwa tumelala chini kwa kicheko.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kusoma majina ya waliopotezana vitani. Gloire, fundi cherehani wa hapa mjini, alimpata mama yake aliyekuwa kule Chienge kwa sababu ya sauti hiyo. Mama alisikia jina la binti yake akiwa anaanika samaki, akaja na magamba mikononi.

Mwaka huu uongozi ulinunua programu ya kompyuta inayosoma matangazo yenyewe. Kwanza watangazaji wenzetu Patson na Eness wakaachishwa kazi kwa ujumbe wa simu. Kisha meneja wa sasa akamwita Papa arekodi sauti yake ili mashine iige. Nilikuwepo. “Papa, wewe utapumzika, sauti itabaki ikifanya kazi,” alisema, akitabasamu kana kwamba anatoa zawadi.

Papa akajibu, “Sauti yangu haiko kiti ya bureau, ya kuachwa ku ofisi. Siku nitatoka, nitatoka nayo. Muniletee mutu, nitamufundisha.”

Mtu alikuwepo: Reine, aliyejifunza kwake miaka mitatu akiahidiwa nafasi hiyo, sasa anaambiwa haipo tena. Papa akampeleka mbele ya kamati ya redio. Wasikilizaji nao wakaja. Mama Olipa, muuza dagaa wa Puta, akawauliza wanakamati, “Mutoto yangu akizama, munataka computer ndiyo inipe pole?”

Kamati ikaamua: mashine isome saa na bei za sokoni, habari za watu zisomwe na mtu. Reine ameajiriwa. Patson na Eness hawajarudishwa, na jambo hilo silipambi kwa maneno matamu hata katika karatasi hii ya sherehe ya kumuaga Papa. Mashine haikuwafukuza. Waliowafukuza wana majina, na leo watakaa viti vya mbele.

Asante, Papa, kwa kukataa pale ambapo wengi wetu tulinyamaza. Wewe na mkeo, Mama Rosalie, mle matunda ya jasho lenu kwa amani. Jumatatu asubuhi fungueni redio: atakayewasalimia ni Reine, na anapumua.