Kesi ya Ndege Wakubwa

Fundi cherehani alijuta kukaa katikati. Kulia kwake, kwenye benchi la treni, alikuwapo bibi aliyefura kwa hasira, na kushoto kijana wa makumbusho aliyejitambulisha bila kuulizwa.

"Jana nilimpeleka mjukuu wangu makumbusho akaone mifupa ya wale ndege wakubwa waliotoweka," bibi alisema. "Kibao kinasema mababu zetu, watu wa kwanza kufika kisiwani kwetu, ndio waliowamaliza. Mtoto akanigeukia: Bibi, kwa nini mliwala wote? Mimi, ambaye hata kuku nashindwa kumchinja."

"Mama, mifupa ina alama za visu. Naisafisha mwenyewe kwa brashi."

"Mnawasema marehemu kwa kuwa hawawezi kujibu. Walipofika pwani na watoto mgongoni, walikuta nani amewapikia? Shamba haliivi kwa siku moja."

Fundi alitazama dirishani. Alishaona watu wakigombea kiti, urithi, hata mume, lakini ugomvi wa nyama iliyoliwa kabla ya babu wa babu zao ulikuwa mpya kwake.

"Hatusemi walikuwa wabaya," kijana alijitetea. "Tunaandika tulichokikuta."

"Basi andikeni na njaa."

"Njaa haiachi alama kwenye mfupa wa ndege, mama."

Treni ikafunga breki. Bibi akainuka, akatundika mkoba begani, akamtazama kijana kama anayemwonea huruma.

"Wa ndege, sawa," alisema. "Siku mkichimbua mfupa wa mtoto wa hao watu, uutazame huo."